Sheria Inayoishia Mwisho wa Mtaa

Ukipanda treni ya Metra katikati ya Chicago ukaelekea kaskazini kandokando ya Ziwa Michigan, miji inafuatana dirishani bila wewe kutambua ni upi umeisha na upi umeanza: Evanston, Wilmette, Winnetka, Glencoe. Nyumba ni zilezile, miti ni ileile. Hata hivyo kila mji una halmashauri yake, na kwa miaka mingi halmashauri hizo zilijiamulia zenyewe mkazi aweke silaha gani ndani. Kwa sisi tuliotoka Tanzania ni jambo geni kabisa. Kwetu sheria ya silaha ya mwaka 2015 ni ileile Kagera na Mtwara, na sijawahi kusikia madiwani wakikaa kikao kujadili aina za bunduki.

Mji wa kwanza kuthubutu ulikuwa Morton Grove, nao jirani ya Chicago, uliopiga marufuku bastola mwaka 1981. Mwaka uliofuata mji wa Kennesaw, huko Georgia, ukajibu kwa kuamuru kila mkuu wa kaya awe na bunduki. Marufuku ya Morton Grove ilidumu hadi 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Heller kwamba Katiba inampa mtu binafsi haki ya kuweka bastola nyumbani ajilinde. Mwaka 2010 ikaja zamu ya Chicago yenyewe, iliyokuwa nayo na marufuku ya bastola. Aliyeishtaki alikuwa Otis McDonald, mzee Mweusi mstaafu ambaye nyumba yake ilikuwa imevunjwa na wezi zaidi ya mara moja. Alishinda, na mimi sithubutu kumbeza. Mzee anayeogopa usiku nyumbani kwake ana hoja.

Lakini nilichokuja kukiangalia Highland Park, mji mwingine wa njia hii ya kaskazini, hakihusu bastola ya mzee kitandani. Ni bunduki za kivita, zile za nusu otomatiki zinazobeba magazini ya risasi 30. Mwaka 2013 bunge la Illinois, jimbo ilimo Chicago, liliruhusu raia kubeba bastola iliyofichwa, na papo hapo likazipa halmashauri siku kumi tu za kupitisha marufuku ya bunduki za kivita. Baada ya hapo mlango ungefungwa. Highland Park uliwahi. Jirani yake Deerfield ukatumia nafasi hiyo kupitisha kanuni za kuhifadhi bunduki tu. Ulipotaka kuzigeuza kuwa marufuku mwaka 2018, ukaburutwa mahakamani hadi 2021, majaji wa juu wa jimbo walipogawanyika nusu kwa nusu na marufuku ikasalimika.

Highland Park nao ulishtakiwa, na daktari wa watoto aitwaye Friedman. Mwaka 2015 Jaji Frank Easterbrook wa mahakama ya rufaa aliutetea mji. Hoja yake moja ilikuwa kwamba hata kama marufuku haitazuia mauaji ya halaiki, ikiwa inawafanya wakazi wajione salama zaidi, hiyo nayo ni faida. Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa. Majaji Thomas na Scalia wakapinga, wakisema mamilioni ya Wamarekani wanamiliki bunduki hizo kihalali.

Nimesimama pale Central Avenue inapokutana na Second Street. Ni njia panda ya kawaida, yenye maduka na mapaa ya chini. Tarehe 4 Julai 2022, gwaride la Sikukuu ya Uhuru likipita hapa, kijana alifyatua risasi 83 kutoka juu ya paa kwa muda usiofika dakika moja. Watu 7 walikufa, makumi wakajeruhiwa. Meya Nancy Rotering, aliyeipigania marufuku ile, alikuwa kwenye gwaride. Bunduki ilinunuliwa kihalali nje ya mji, na kijana huyo alipata kadi ya kumiliki silaha akiwa na miaka 19 kwa sababu baba yake alimdhamini.

Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba marufuku haisaidii. Naikataa hoja hiyo. Mji ulifanya yote uliyokuwa na uwezo nayo, ila hauna geti wala mkaguzi mpakani, na hakuna anayetaka uwe navyo.

Januari 2023 Gavana Pritzker alitia saini marufuku ya jimbo zima. Novemba 2024 jaji mmoja wa shirikisho akaitangaza kuwa kinyume cha Katiba, mahakama ya rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na sheria ikaendelea kutumika. Ila jimbo nalo lina mwisho wake. Kusini mwa Chicago kuna barabara iitwayo State Line: upande mmoja ni Illinois, upande wa pili ni Hammond, Indiana, ambako bunduki zilezile zinauzwa dukani. Ndiyo maana Rotering alikwenda mbele ya Seneti ya Marekani mwezi uleule wa mauaji kudai marufuku ya nchi nzima. Marekani ilikuwa nayo kuanzia 1994, na bunge likaiacha ife mwaka 2004. Kwa niliyoyaona huku, naungana naye.