Kamani na Kadiri Yake

Nguvu ni neema, lakini neema hii haikamiliki bila ya kadiri. Upepo uvimbishao tanga la jahazi ndio huo huo uvunjao mlingoti. Kofia hupimwa kwa kichwa. Kichwa hakichongwi kikatoshea kofia. Maneno haya ni mepesi kutamkwa, walakini mtu aweza kuishi miaka mingi asijue maana yake, mpaka kipande kidogo cha chuma kimfundishe.

Alikuwako kijana mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, mwana wa fundi saa. Duka la baba yake lilikuwa chumba kimoja chenye baraza mbele, katika kichochoro ambacho jua halikuingia ila wakati wa adhuhuri. Siku moja kijana alipewa saa ndogo iliyokatika kamani. Alitafuta kisandukuni kamani nene kuliko zote, akaitia, akidhani ameifanyia saa ile hisani. Saa ilikwenda kwa kishindo siku chache, kisha meno ya gurudumu moja yakalika. Baba hakumkaripia. Alisema, "Mwanangu, saa haina kosa. Kosa ni letu tulioipa nguvu isiyo yake. Mtoto hatwikwi mzigo wa hamali."

Kijana aliyasikia maneno hayo kwa sikio moja, maana moyo wake ulikuwa umekwisha vuka bahari. Mwaka 1961 alikwenda Marekani kusoma. Usiku wa kuagana, baba alimwomba arudi baada ya masomo aushike ufundi. Naye akajibu kwamba hakusudii kwenda mbali kiasi kile ili arudi kuhesabu meno ya magurudumu. Jibu hilo halikuwa na tusi ndani yake, lakini lilikuwa na dharau, na dharau ya mwana humwuma mzazi kuliko tusi la jirani. Baba alifariki mwanawe akiwa ugenini. Duka likafungwa.

Huko Marekani alipata kazi, akaoa, na katika umri wa makamo akapenda mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Mchezo huo una adabu kali: silaha haijazwi ila kiwanjani, tena kwa amri, na mtutu hauelekezwi ila shabahani. Bastola yake ilikuwa ya namna iliyobuniwa na John Browning na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Risasi ikilipuka, kichwa chake huenda mbele, na pande la chuma lililo juu ya bastola husukumwa nyuma. Pande hilo hulitupa nje ganda tupu na kuibana kamani iliyo chini ya mtutu. Kamani ikifunguka hulirudisha mbele, nalo huchukua risasi nyingine njiani. Basi kamani ina kazi mbili: kupokea teke na kulipa deni.

Kwa bastola hiyo yenye mtutu wa inchi 5, kamani ya kawaida ni ya ratili 16. Imepimwa kwa risasi ya kijeshi, ambayo kichwa chake kina uzito wa greni 230, na greni 7,000 ndizo ratili moja. Nacho huenda futi 830 hivi kwa sekunde. Lakini walenga shabaha hawalitaki teke kubwa namna hiyo, kwa sababu mkono mmoja ulionyoshwa huchoka na kutikisika. Aghalabu hujaza risasi zao wenyewe kwa kufuata vitabu vya vipimo, wakatumia kichwa cha greni 185 au 200 na baruti pungufu, kiende futi 750 hivi.

Naye akafanya hivyo, kwa mizani na kwa subira. Lakini kamani hakuibadili. Siku ya mashindano, katika zamu ya risasi 5 kwa sekunde 10, pande la chuma lilirudi nusu ya njia. Ganda tupu likabanwa mlangoni, limesimama kama bomba la moshi. Akalitoa. Zamu iliyofuata likakwama tena. Mashindano yakampita.

Usiku ule alikaa mezani hasira imempanda. Aliilaumu baruti kwa udhaifu, akanyosha mkono aiongeze. Ndipo aliposikia moyoni sauti ya kichochoroni: saa haina kosa. Mkono ukasita. Risasi haikuwa dhaifu. Ilikuwa na nguvu iliyoitosha kazi yake. Kamani ndiyo iliyokuwa ya mzigo mwingine. Aliinamisha kichwa akalia, kwa maana somo lile alipewa bure utotoni, naye akalilipa kwa dharau.

Baada ya siku chache alinunua kamani za ratili 14, 13 na 12. Alizijaribu kuanzia iliyo nzito, kwa risasi zile zile nyepesi. Ya 14 ilitupa maganda, lakini mara nyingine pande la chuma halikubaki nyuma baada ya risasi ya mwisho. Ya 13 haikukosa hata mara moja. Hapo akasimama, asiiguse ya 12. Kwani kanuni ni kuchagua iliyo nzito kuliko zote zifanyazo kazi bila ya kukosea. Kamani nyepesi kupita kiasi huacha chuma kigonge chuma, tena huenda ikashindwa kuifunga bastola vyema. Na kila alipotumia risasi nzito, aliirudisha ile ya 16.

Mwaka 2022, uzeeni, alirudi Unguja. Katika duka la baba yake palikuwa pakiuzwa vinyago kwa wageni. Aliteremka mpaka Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Mnara wake wa saa haukuwako tena. Ulianguka pamoja na sehemu kubwa ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Alisimama kitambo, kisha akaenda makaburini akamwombea baba yake dua.

Alikuwa amefuatana na mjukuu wake, kijana mpole aliyesoma polepole, ambaye jamaa walizoea kumsukuma kwa maneno makali. Tangu siku ile mzee hakumsukuma tena. Alimpa kazi iliyolingana naye, akamngojea. Deni la baba aliyezikwa halilipiki kwake. Hulipwa kwa walio hai.