Video za safari na bando za mama

Nimekuwa kimya kidogo. Naishi Ujerumani kwa pesa za kuhesabu, na chaneli yangu ya safari naitengeneza kwa Deutschlandticket: mwaka 2025 ilikuwa yuro 58 kwa mwezi, treni za mikoani tu, za kasi hapana. Kwa video ndefu, YouTube haigawi pesa za matangazo kabla ya wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Mimi nina wafuasi 212.

Juzi mama akapiga simu kutoka Ishiara: "Mwanangu, yale maandishi siyaoni." Kumbe hutazama kwa 144p, kuokoa bando. Sasa kila kituo nakisimulia kwa sauti. Wafuasi hawajaongezeka, lakini mama humaliza video.