Ukuta wa Cromford

Cromford, huko Derbyshire nchini Uingereza, ni kijiji ambacho msafiri angeweza kukipita bila kugeuza shingo. Hata hivyo, ni hapa ambapo mwaka 1771 Richard Arkwright, aliyewahi kuwa kinyozi, alianza kujenga kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba kwa nguvu ya maji.

Nilisimama kitambo mbele ya ukuta unaoelekea barabarani. Sehemu yake ya chini haina madirisha. Unafanana na ngome kuliko mahali pa kazi. Mwaka 1779 watu waliohofia kupokonywa riziki na mashine walipovunja kiwanda chake kingine huko Lancashire, Arkwright aliandaa bunduki na mizinga kuilinda Cromford. Ndani walikuwamo watoto wengi, wakipokezana zamu usiku na mchana. Nayo pamba haioti Derbyshire. Sehemu kubwa ya iliyosokotwa Uingereza enzi hizo ililimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki.

Leo majengo hayo ni urithi wa dunia, yana maduka na mgahawa. Sina ugomvi na hilo, na chai yao ni nzuri.

Ila mimi nimekulia Shinyanga, penye pamba, na kila mwaka huwasikia wataalamu wakituhimiza tuifuate njia ya Uingereza ya viwanda. Ningependa waseme wazi: ni watoto wa nani watakaoingia zamu ya usiku, na shambani tumpeleke nani?