Nyumba ni Yako, Je, Ardhi ni ya Nani?

Mgeni anayefika Mombasa kwa mara ya kwanza huonyeshwa zile pembe za ndovu za Moi Avenue, akapelekwa Fort Jesus na Mji wa Kale, kisha akarudi kwao akiamini kwamba ameuona mji wote. Ukweli ni kwamba ameona kisiwa tu. Wengi wa wale aliowaona wakiuza, wakiandika, wakibeba na wakifundisha kisiwani mchana kutwa, usiku hawalali huko. Jua likianza kutua, huonekana wakimiminika kurudi bara: wengine kwa feri kuelekea Likoni, wengine kwa daraja la Nyali kuelekea Kisauni, na wengine kupitia Makupa kuelekea Changamwe.

Si ajabu basi kwamba familia changa, au kijana aliyemaliza masomo na kupata kazi ya kwanza, anapotaka kuacha kulipa kodi na kununua kijumba chake mwenyewe, macho yake huelekea bara. Hatafuti jumba la kifahari. Anatafuta fleti ndogo ya chumba kimoja, yenye jiko na choo chake ndani, ile ambayo watu wa miji ya Kenya huiita bedsita. Anataka mtaa mtulivu, ambapo mtoto anaweza kulala mchana na mwanafunzi anaweza kusoma usiku.

Basi msomaji, twende pamoja tukatembee pande zote tatu. Lakini kabla hatujatoka, naomba tubebe swali moja, kwa maana ndilo litakalotufaa kuliko kuhesabu madirisha: hiki ninachouziwa ni nini hasa? Ni kuta, au ni kuta pamoja na ardhi iliyo chini yake?

NG'AMBO YA NYALI

Tuanze na Kisauni. Daraja la Nyali tunalolivuka leo lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla ya hapo watu na magari walivuka kwa daraja lililoelea majini, lililokuwapo tangu mwaka 1931. Tukilipita soko la Kongowea tunafika Kengeleni, mahali palipopata jina lake kutokana na kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamishonari wa Kiingereza walikianzisha mwaka 1875 ili kuwapa makao watu waliokombolewa kutoka utumwani.

Kutoka hapo barabara ya Kisauni hupita katikati ya mitaa iliyosongamana: Mlaleo, Mwandoni, Mishomoroni, hadi pande za Mtopanga. Kando ya barabara ni maduka, mafundi wa cherehani, wakaangaji wa viazi karai na pikipiki zisizotulia. Lakini ukiingia ndani vichochoroni kwa hatua mia mbili tu, kelele hupungua. Hapo ndipo utakapozikuta nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma wenye jiko, choo na pengine kisima. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vinavyobaki hupangishwa.

Keti kidogo barazani na mzee wa nyumba kama hiyo. Ukishamwamkia shikamoo na kuzungumza habari za mvua na bei ya samaki, muulize kama nyumba ni yake.

"Nyumba ni yangu, mwanangu," atakujibu. "Nimeijenga kwa jasho langu. Ardhi ndiyo ya wenyewe."

Jibu hilo humshangaza mtu wa kutoka bara ya mbali, lakini mtu wa Mombasa hashangai. Hii ndiyo desturi inayoitwa nyumba bila ardhi. Mwenye kiwanja humruhusu mtu kujenga, na mjenzi humlipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Nyumba huweza kurithiwa, kupangishwa na hata kuuzwa, mradi mwenye kiwanja ajulishwe na mnunuzi mpya aendelee kulipa kodi ile. Kwa miaka mingi ruhusa hiyo ilikuwa ya nyumba za udongo na makuti. Mtu akitaka kuinua ukuta wa mawe au kuongeza ghorofa, ilimbidi arudi kuomba idhini.

ASILI YA MAMBO

Desturi hiyo haikuzuka hivi hivi. Katika pwani yetu, tangu kale, ilikuwa jambo la kawaida mnazi uwe wa mtu mmoja na ardhi uliopandwa iwe ya mwingine. Kadhalika nyumba. Sheria ya Kiingereza haikuyaona mambo hivyo. Kwa Mwingereza, chochote kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi, na mwenye ardhi ndiye mwenyewe.

Waingereza waliuchukua ukanda wa pwani wa maili kumi kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar mwaka 1895. Mwaka 1908 wakatunga sheria ya hati za ardhi, iliyowataka watu wajitokeze wathibitishe madai yao. Waliojua makaratasi na waliokuwa na mashahidi walipata hati. Wengi waliolima na kuishi bila karatasi hawakupata, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Hivyo yako maeneo bara ambayo hati ina jina la mtu aliye mbali, na juu ya ardhi hiyo vizazi vitatu vya watu wengine wamezaliwa na kuzikwa.

Haya ndiyo yaliyo chini ya miguu yako unapokwenda kutazama nyumba Mombasa.

NG'AMBO YA FERI

Sasa tuvuke Likoni. Feri ni shule ya subira. Mtembea kwa miguu halipi kitu, lakini hulipa kwa muda wake, hasa asubuhi na jioni. Anayetaka kununua nyumba Likoni huku akifanya kazi kisiwani, avuke saa za msongamano kwa juma zima kabla ya kutoa hata shilingi moja. Akiona anaweza, atapata upande wenye upepo mzuri wa bahari na mitaa ambayo bado ina miembe na nafasi ya kupumua.

Likoni ndiko pia kuliko na mfano ulio wazi kabisa wa swali letu. Shamba la Waitiki, la ekari 930, lilikuwa na hati yenye jina la mkulima mmoja. Baada ya ghasia za Likoni za mwaka 1997 mkulima huyo aliondoka, na watu wakaingia na kujenga. Wakajenga nyumba, maduka na nyumba za ibada, yote juu ya ardhi iliyokuwa na mwenyewe. Kwa miaka mingi waliishi na hofu ya kubomolewa. Mwishowe Serikali ilikubali kumlipa mwenye shamba shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaanza kuwagawia wakazi hati. Hata hivyo hazikuwa za bure: kila mmoja alitakiwa kulipa shilingi 182,000 kidogo kidogo.

Tazama basi, msomaji. Mtu aliyekwisha kujenga nyumba yake, akaezeka na kupaka rangi, alitakiwa kuinunua tena ardhi iliyo chini yake. Na huyo ndiye aliyebahatika. Kuna wengine ambao mwenye ardhi alifariki, warithi wakauza kiwanja, na mnunuzi mpya akaja na notisi ya kuhama mkononi.

NG'AMBO YA MAKUPA

Upande wa tatu ni Changamwe. Kutoka kisiwani tunapita Makupa, ambako daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2022. Huku ndiko kwenye reli, uwanja wa ndege, matangi ya mafuta na malori ya makontena yanayotoka bandarini. Ukisimama kwenye barabara kuu utasema hakuna utulivu hapa hata wa dawa. Lakini ingia Mikindani, au mitaa iliyo nyuma ya barabara ya Port Reitz, utapata mahali ambapo viwanja vimepimwa, njia zimenyooka na jioni watoto hucheza kati bila kuogopa gari.

Huku, kama ilivyo pia Kisauni na Likoni, nyumba za chini zinazidi kutoa nafasi kwa maghorofa. Hapa swali letu linavaa kanzu nyingine. Ukinunua fleti ya chumba kimoja katika ghorofa ya nne, ardhi yako iko wapi?

Zamani jibu lilikuwa na mizunguko. Mnunuzi alipewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi pamoja na hisa katika kampuni iliyomiliki ardhi. Kampuni hiyo ikilegea, au mjenzi akakataa kuikabidhi kwa wenye fleti, watu walibaki wakishikilia karatasi wasizojua uzito wake. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo ilibadilisha mambo. Kwa sheria hiyo, kila fleti hupimwa, huchorwa katika ramani ya jengo na kupewa hati yake yenyewe. Wenye fleti wote kwa pamoja huwa na sehemu yao katika ardhi, ngazi, paa na tangi la maji, na huunda shirika lao la kusimamia jengo. Kwa hiyo ukiuziwa fleti leo, uliza: je, jengo hili limesajiliwa chini ya sheria hiyo, na hati ya fleti yangu itatoka lini?

KABLA YA KUTOA PESA

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naongeza: ukishaingia, uliza na yaliyo chini ya sakafu.

Kwanza, pata nambari ya kiwanja. Viwanja vya Bara Kaskazini, pamoja na vya Changamwe, huanza na herufi MN, na vya Bara Kusini, yaani Likoni, huanza na MS. Ukiwa na nambari hiyo, nenda wewe mwenyewe au mwanasheria wako katika ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi rasmi. Upekuzi utakuonyesha jina la mwenye ardhi, kama ni ya milele au ya kukodi na imebakiza miaka mingapi, na kama imewekwa rehani benki. Wako wajenzi wanaouza fleti huku kiwanja kizima kikiwa kimefungwa na mkopo. Mkopo usipolipwa, benki inaweza kudai jengo ulimo.

Pili, muuzaji akiwa na mume au mke, hakikisha mwenzake amekubali kwa maandishi. Mkataba wenyewe nao lazima uandikwe, utiwe saini na ushuhudiwe. Ahadi ya mdomo barazani, hata mbele ya wazee, haitakusimamia mahakamani katika mauzo ya ardhi. Pesa za awali zikae kwa mwanasheria, zisiingie mfukoni mwa dalali.

Tatu, weka kando pesa za baada ya bei. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4 ya thamani. Bado kuna ujira wa mwanasheria, na ile ada ya kila mwezi ya ulinzi, taa za ngazi na usafi.

Nne, uliza habari za maji. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Yakikatika, hununuliwa kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni, na visima vingi vya bara vina maji ya chumvi. Jengo lisilo na tangi la kutosha litakufanya uyakumbuke maji kila uamkapo. Usimuulize muuzaji, muulize mama anayefua uani.

Tano, kama unatafuta utulivu, nenda Ijumaa usiku, kisha urudi siku ya mvua kubwa ya masika. Mtaa ulio kimya saa nne asubuhi unaweza kuwa na muziki hadi alfajiri, na kichochoro kikavu cha Januari kinaweza kuwa mto mwezi Mei.

Je, nasema mtu asinunue kamwe nyumba bila ardhi? La, hasha. Wako wazazi waliosomesha watoto hadi chuo kikuu kwa kodi ya vyumba vinne vya nyumba kama hizo. Bei yake huwa nafuu, na mahali pengi mwenye kiwanja na mwenye nyumba wamekaa kwa wema miaka hamsini. Lakini anayenunua na ajue kwamba ananunua kuta na wema wa mtu mwingine. Benki haitamkopesha kwa dhamana ya wema huo, na wema haurithiwi kwa hati. Ajadiliane bei inayolingana na hilo, aonane na mwenye ardhi mwenyewe uso kwa uso, na makubaliano ya kodi, ukarabati na fidia yaandikwe na kutiwa saini.

Kwa hiyo baba, mama, na wewe kijana unayeweka akiba: tembeeni bara bila haraka. Vukeni feri, pandeni matatu za Kisauni, shukeni Mikindani mkatembee kwa miguu. Chumba kimoja kinatosha kuanzia maisha. Lakini anayewaonyesha chumba hicho akishamaliza kuwasifia vigae na upepo wa bahari, mwambieni ahsante, kisha mwulizeni kwa upole hati iko wapi, na imeandikwa jina la nani.