Ukimwagiza mshikaji kamera, mpe na hela!

Songea hadi Dar ni zaidi ya kilometa 900, basi linapita Njombe, Makambako na Iringa. Ndiyo maana mshikaji akisafiri tu, mtaa mzima unamwagiza! Mie nilitaka Canon ya filamu, mtumba wa Japani, toka Kariakoo. Nikamwambia, "Tutamalizana ukirudi, mwanangu." Akarudi mikono mitupu, hela alikuwa hana. Nilitaka kumpiga picha bibi pale Makumbusho ya Majimaji, Mahenge, walikozikwa mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Bibi hakungoja, na picha yake sina. Kwa hiyo msomaji, ukiagiza kamera toa hela kwanza, na mwambie akague lenzi isiwe na ukungu. Usimlaumu mshikaji bure!