Safari ya kwetu Kilifi niliyoipanga bila mwenyeji

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize: mara ya mwisho ulikwenda kwenu lini? Sisemi kwenda mazikoni, ukafika alfajiri na kugeuza jioni. Nasema kwenda ukakaa, ukala, ukalala na kuamshwa na jogoo. Mimi niliye hapa Nairobi nimetimiza miaka 12 bila kukanyaga Kilifi, mahali nilipozaliwa na kulelewa.

Aliyeniamsha usingizini ni kitinda mimba wangu. Shuleni waliambiwa waandike insha juu ya kwao, naye akaandika juu ya mtaa huu tunamopanga nyumba. Alilieleza duka la jirani, kituo cha matatu na mfereji unaokauka kila wiki. Nilipomuuliza mbona hakuandika juu ya Kilifi, alinitazama bila hila yoyote na kusema, "Baba, huko ni kwenu wewe."

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Usiku huohuo nilichukua daftari, nikaketi mezani na kuanza kupanga safari ya likizo ya Agosti.

Jambo la kwanza nililoandika ni kivuko. Wewe kijana uliyezaliwa juzi unalijua daraja tu, lakini kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991, aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alilazimika kuvuka hori la Kilifi kwa feri. Magari yalipanga foleni upande wa Mnarani, na abiria wakashuka kunyoosha miguu. Hapo ndipo riziki yetu ilipokuwa. Kaka yangu mkubwa alibeba sinia la korosho za kukaanga zilizofungwa kwa karatasi, nami nilishika chenji kwa kuwa nilikuwa mwepesi wa hesabu. Feri ikichelewa abiria walinung'unika, sisi tukamshukuru Mungu. Daraja lilipofunguliwa tulishangilia pamoja na umati. Siku zilizofuata tulisimama palepale na sinia letu, magari yakipita juu bila kusimama.

La pili niliandika Gede. Nilitaka wanangu waone mji wa mawe ya matumbawe uliojengwa na Waswahili karne nyingi zilizopita, wenye msikiti mkubwa, visima na nyumba za kifahari, kisha ukahamwa na msitu ukaumeza. Mwaka 1927 serikali iliufanya mahali pa ukumbusho, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hapohapo Gede pana mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na mabuu yaliyojifunga huuzwa ng'ambo. Nilitaka wanangu wajue kwamba msitu unaweza kumlisha mtu bila kukatwa.

La tatu ni Malindi. Huko ipo nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga mwaka 1498 na kupata rubani wa kumwonyesha njia ya Bara Hindi. Ipo pia sanamu ya Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza mwaka 1913. Na juu ya mji, upande wa kaskazini, nilitaka wauone mto Sabaki unavyomwagika baharini. Jambo hili wakazi wengi wa Nairobi hawalijui: maji ya mito ya mji wetu huingia mto Athi, nao Athi huteremka ukaitwa Galana, kisha Sabaki. Mvua zikinyesha bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo.

Mwisho nikapiga hesabu ya masurufu: nauli ya treni hadi Miritini, matatu hadi Kilifi, chakula cha watu watano, na hoteli ya siku nne. Jumla yake ilinitoa jasho, lakini nilijiona mwanamume kamili. Nikamwita mke wangu aje aone.

Alisoma ukurasa mzima taratibu, kidole kikifuata mistari. Kisha akauliza, "Baba watoto, mbona humu mna feri isiyokuwapo, mji uliohamwa na Mreno aliyekufa zamani, lakini hamna mtu aliye hai hata mmoja? Na tangu lini mtu mwenye kwao akalala hotelini?"

Sikuwa na jibu. Au tuseme jibu nilikuwa nalo, ila halikusemeka.

Msomaji, nitakuambia wewe. Baba alipofariki alituachia shamba la mikorosho na minazi. Bei ya ardhi ilikuwa imepanda, akatokea mnunuzi mwenye pesa nzuri, nami huku mjini karo zilikuwa zimenifika shingoni. Nikateremka kumshawishi kaka yangu tuuze. Alikataa. Aliniuliza, "Baba amelala hapa, hawe amelala hapa. Hao tutawahamishia wapi?" Kwa hasira nilimjibu, "Basi kaa wewe na makaburi yako." Nikapanda basi la usiku. Miaka 12 imepita tangu nitamke neno hilo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: kaka yangu ndiye aliyeacha shule ili karo imtoshe mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sinia alilobeba ndilo lililoninunulia daftari. Ndipo nilipotambua kwamba orodha yangu nzima niliipanga kwa ustadi ili nipite Kilifi bila kupita kwake. Maji machafu ya Nairobi hufika pwani bila kuulizwa nauli, mimi nimeshindwa!

Ilinichukua siku tatu kumpigia simu. Namba nilipewa na binamu yetu. Nilipojitaja, alinyamaza hata nikadhani laini imekatika. Nikasema, "Kaka, nilikosa. Nataka kuwaleta watoto wakuone." Akanyamaza tena. Kisha akauliza, "Mnakuja wangapi? Nijue vitanda."

Basi. Hakutaja shamba wala makaburi. Alichoniambia ni kwamba Agosti upepo wa kusi ungali unavuma, bahari ina mawimbi, hivyo watoto wasitarajie kuogelea kila siku. Korosho mpya zitakuwa bado, kwani msimu wake ni mwisho wa mwaka, lakini dafu halikosi. Na kabla hajakata simu aliongeza, "Hilo daftari lako la hesabu ulete. Wanangu nao ni wazito wa hesabu kama mimi."

Nimeifuta hoteli. Pesa zake zitanunua mchele, sukari, leso za shemeji yangu na vitabu vya watoto wa kaka. Gede na Malindi tutakwenda, lakini atakayetuongoza ni yeye. Siku ya kwanza kabisa tutafika kwenye kaburi la baba, nami nitasema mbele ya wanangu neno nililomwambia baba yao mkubwa, ili walisikie kutoka kinywani mwangu na wasije wakalirudia kati yao.

Nawe msomaji, huenda kwenu ni Kakamega, Machakos au Nyeri. Nawe huenda unapanga kuwaonyesha watoto mto ulioogelea na mwembe uliouparamia. Panga, ni vizuri. Lakini ukimaliza kuandika, isome orodha yako tena na uangalie ni jina la nani ulilolikwepa. Mto utakungoja, na magofu ya Gede yamesimama kwa mamia ya miaka, yatasimama Agosti nyingine. Ndugu yako hana ahadi hiyo. Anza na yeye.