Bahari Niliyoiandika Kabla Sijaiona

Yote yalianzia kwenye karatasi ya mhariri. Nilikuwa nimepeleka hadithi fupi, nadhani ya nne au ya tano katika maisha yangu, na ndani yake alikuwemo msichana aliyekaa juu ya jabali huko Bagamoyo, akiangalia mawimbi yakipasuka chini ya miguu yake. Lile jabali nilijivunia sana, bwana. Hadithi ikarudi. Pembeni mwa aya yenyewe, kwa kalamu nyekundu, mhariri kaandika maneno matano tu: "Ndugu mwandishi, umewahi kuiona bahari?"

Sikuwahi. Mimi ni mtoto wa Rujewa. Kwetu Usangu maji tunayoyajua ni ya mfereji, yanatoka mto Mbarali na kuingia kwenye majaruba kwa zamu, na watu wanagombea zamu hiyo mpaka wanatoleana majembe. Washikaji pale kijiweni walipoisoma ile karatasi walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile jina langu likawa Nahodha.

Ningeweza kubadilisha Bagamoyo ikawa Chimala, jabali likawa tuta la mpunga, mambo yakaisha. Lakini Bagamoyo sikuiokota barabarani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akituhadithia kwamba babu wa babu yake alibebeshwa pembe ya ndovu ya Merere, akaenda nayo pwani, asirudi. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi hivyo hivyo. Alikwenda, hakurudi. Tulipomwuliza pwani ipi, bibi alisema "Bwagamoyo," na hilo ndilo jina pekee la mji wa mbali nililolijua kabla sijaanza shule.

Na si ngano tupu. Merere, chifu wa Wasangu, alikuwa mtu wa pembe, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika kwake. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, Elton, konsuli wa nchi yake huko Msumbiji, alipita kwa Merere akitokea Ziwa Nyasa, akaukuta mji umezingirwa na Wahehe. Yule naye alikuwa anaitafuta pwani. Alifia Ugogo njiani. Sasa kama konsuli mwenye bunduki na dawa hakufika, mbeba mzigo wa Kisangu je?

Basi, Julai 2022, mpunga umeshavunwa, nikamdanganya maza. Nilimwambia kuna mtu Dar kanipatia kibarua kwenye ghala, anitafutie nauli. Hapakuwa na mtu wala ghala. Maza aliuza gunia moja kabla bei haijapanda, jambo ambalo kila mkulima wa Mbarali anajua ni kama kuchoma hela, akanipa noti zimekunjwa ndani ya leso, na mfuko wa mchele kilo tano nimpelekee mjomba Mbagala. "Baba, usinisahau huko," akaniambia. Niliitikia bila kumtazama.

Basi linatoka alfajiri. Rujewa, Igawa kwenye lami kuu, Makambako, Mafinga, Iringa, milima ya Kitonga inayowafanya akina mama wataje majina ya Mungu yote, Mikumi, Morogoro. Nilishuka Chalinze. Mtu mwenye akili angeendelea mpaka Dar ndipo apande gari la Bagamoyo, lakini ramani ilinionyesha barabara inayopita Msata na kushuka pwani kutoka bara, ikivuka mto Ruvu ambao wasafiri wa zamani waliuandika Kingani. Nilitaka kuingia mjini kwa upande ambao wapagazi waliingilia. Ni ujinga wa mwandishi chipukizi, nakubali.

Kutoka kwetu ni kilomita zaidi ya 700. Mimi nilizimaliza kutwa moja, nimekaa, nakula mahindi ya kuchemsha. Mpagazi alikwenda kama kilomita 15 au 20 kwa siku, mzigo wa frasila mbili begani, yaani kilo 32 hivi. Piga hesabu mwenyewe, ni siku arobaini hata kama hapumziki hata moja. Mimi debe la mpunga nikilibeba kutoka shambani mpaka nyumbani, shingo inanikataa siku mbili.

Nilifika jioni. Nikaacha begi nyumba ya wageni, mchele nikaubeba maana mlango ulikuwa na kitasa cha mashaka, nikateremka ufukweni karibu mbio. Moyo unadunda. Nimefika, naiona bahari!

Haikuwepo.

Kweli tena. Palikuwa na mchanga, halafu tope, halafu tope zaidi, mashua zimelala ubavu kama ng'ombe waliokunywa maji mabaya, na huko mbali kabisa mstari mwembamba unang'aa. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu. "Shikamoo babu. Bahari iko wapi?" Akanitazama kuanzia viatu. "Marahaba. Maji yamekupwa, mjukuu wangu. Umetoka bara?" Nikasema Mbeya. "Basi subiri. Usiku yatajaa, yatakuja yenyewe, huna haja ya kuyafuata."

Nikatafuta jabali langu. Hakuna. Ufuko wa pale ni tambarare, maji haba kwa mwendo mrefu, ndiyo maana hata enzi za majahazi mizigo ilibebwa mabegani watu wakitembea ndani ya maji. Na harufu? Hapa ndipo nilipochoka kabisa. Nilitegemea harufu ya sinema, sijui chumvi na upepo. Nilichokinusa kilikuwa jaruba, jaruba lililokaushwa juma moja kabla ya kuvuna, tope likianza kupasuka na visamaki vimebaki kwenye vidimbwi. Nimeifahamu harufu ile tangu nikiwa mgongoni kwa maza. Laiti ningeiandika nyumbani, mhariri asingeniuliza kitu.

Kesho yake nikawa mtalii. Neno lenyewe nililisema kwa sauti na likaleta kasheshe. Vijana wa ufukweni wanaotembeza wageni walinipita mara mbili bila kuniona, mara ya tatu mmoja akaniuliza kama natafuta kazi ya kupakia. Nikamwambia mimi mtalii, natembea mwenyewe. Alicheka, si kwa ubaya. "Mwenyewe utaona kuta tu, mshikaji." Na kwenye makumbusho moja niliulizwa wenzangu wako wapi na mwalimu wetu ni nani, kwa sababu Mtanzania mweusi huingia pale akiwa na sare ya shule. Nikalipa bei ya mwananchi, ambayo kwa kweli ni ndogo kuliko sahani ya chips mayai, nikaingia peke yangu. Wewe msomaji uliyeko mjini, nauli unayo, ulienda mwaka gani mara ya mwisho?

Kuta kweli niliziona. Boma la Wajerumani la mwaka 1897, lililojengwa wakati makao makuu ya koloni yalishahamia Dar es Salaam tangu 1891. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, mingine bado ina watu nyuma yake wanaokaanga mihogo. Kaole nilikwenda kwa miguu, kama kilomita tano kusini, kwenye magofu ya misikiti ambayo mmoja wake ni wa karne ya 13, na makaburi yake ya nguzo. Burton na Speke walianzia safari yao ya bara hapo Kaole mwaka 1857. Nilikaa kivulini kwa mbuyu, nikanywa maji, nikaondoka. Pazuri, lakini palikuwa pamekwisha kufa zamani mno kabla ya mtu wangu.

Misheni ndiyo iliyonishika. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, na ile njia ya miembe ya kuingilia bado ina kivuli. Kuna mnara mdogo. Februari 24, 1874 mwili wa Livingstone uliwekwa pale, umekaushwa kwa jua na kufungwa kwa gome la mti na turubai, baada ya kubebwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka alikofia, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma ndio waliouongoza msafara ule. Majina yao yapo kila mahali, na wanastahili. Ila nilisimama pale nikawaza: tunawajua kwa sababu ya walichokibeba. Wangebeba pembe wasingejulikana.

Nikamkuta mama mmoja wa makamo anafagia majani. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu yote, kuanzia Merere. Alisimamisha ufagio akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "vitabu vya majina ni vya waliobatizwa. Mpagazi alikuja, akatua mzigo, akala, akalala. Nani angemwandika?" Nikamwuliza, na wale ambao hawakurudi kwao? Akanionyesha mji kwa mkono wake, nyumba zote, minazi, soko. "Si ndio sisi?"

Unajua lile jina lina maana mbili. Moja ni ya mtumwa anayefika pwani na kubwaga moyo, kwamba hapa matumaini yamekwisha. Nyingine ni ya mpagazi anayetua mzigo, moyo ukatulia. Ile ya kwanza ndiyo wanayopewa wageni kwa sababu inaliza, na machozi yale si ya uongo. Mimi kwetu nilirithi ya kwanza, kwa sababu bibi alipofika "hakurudi" alikuwa anakaa kimya. Haikuwahi kunijia kwamba labda yule bwana alifika, akatua pembe, akaona samaki wa bure na mwanamke mwenye kanga nzuri, akajisemea kurudi nina wazimu? Kama ni hivyo, alitudanganya kama nilivyomdanganya maza.

Hilo lilinikosesha raha. Baadaye nikarudi ufukweni, safari hii maji yamejaa, yamekuja yenyewe kama mzee alivyosema, yanapiga mchanga taratibu, hakuna ngurumo yoyote. Nikampigia maza.

"Umeanza kazi, baba?"

"Mama, niko Bagamoyo. Hakuna kazi. Nilikudanganya."

Kimya. Nikasikia kuku wetu kwenye simu. Nikasikia anavuta pumzi. Nikajiandaa kwa gunia la mpunga kutajwa, na lilitajwa, kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Halafu akanyamaza tena, akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Sasa umefika mpaka kwenyewe? Kwenye maji?"

"Nimesimama ndani yake, mama."

"Mchele wa mjomba wako unao?"

"Ninao."

"Mmwagie kidogo huyo mzee. Mwambie wa Mbarali huo."

Nikafungua mfuko. Sikujua la kusema, nikasema hilo hilo nililotumwa, kwamba ni wa Mbarali, nikarusha konzi ya kwanza, kisha ya pili. Mchele ukaelea kidogo, mweupe, ukazama. Mtoto mmoja aliyekuwa anasukuma gurudumu la baiskeli alisimama akanitazama muda mrefu.

"Kaka, unalisha samaki?"

Nikamwambia ndiyo. Akanyoosha viganja vyake viwili nimpe na yeye arushe.